Anayepishwa Njiani Ana Wajibu Pia

Swali lenu la juma hili liliuliza ni nani mwenye wajibu mkubwa zaidi katika njia za misituni na milimani ambazo wapanda farasi, waendesha baiskeli na watembea kwa miguu huzitumia kwa pamoja. Mimi ni mpanda farasi, na naamini mzigo mkubwa ni wetu, ingawa kwa kawaida sisi ndio tunaopishwa.

Vibao vya pembetatu vilivyowekwa kwenye njia nyingi nchini Marekani humwelekeza mwendesha baiskeli awapishe wote, na mtembea kwa miguu ampishe farasi. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1968 iliyowaruhusu waendesha baiskeli kupita katika njia za farasi iliwataka pia wawapishe wapanda farasi na waendao kwa miguu. Wenzangu wengine huzichukua kanuni hizi kana kwamba ni heshima aliyopewa mtu aliyeketi juu ya tandiko, ilhali anayezingatiwa ni farasi: mnyama mwenye uzito unaoweza kufika kilo 500 au zaidi, aliyeumbwa kuwindwa, na ambaye akiogopa hukimbia kwanza. Macho yake yako ubavuni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma kabisa ya mkia. Baiskeli inayoteremka kimya kutoka nyuma hupitia mahali hapohapo asipopaona.

Mambo haya mpanda farasi anayajua, lakini mtu aliyekuja kutembea na watoto wake hana sababu ya kuyajua. Kwa hiyo farasi afundishwe kabla ya kufikishwa njiani. Uwanjani aonyeshwe kwanza baiskeli iliyosimama, kisha inayosukumwa, kisha inayoendeshwa mbele yake huku yeye akiifuata, kwa kuwa kitu anachokifuata humtisha kidogo kuliko kinachomfuata. Hatimaye ndipo imjie kutoka nyuma. Mafunzo haya yanataka subira. Mimi niliyapuuza, na siku moja farasi wangu alikurupuka alipomwona mzee mmoja mwenye shanta kubwa mgongoni, naye mzee akalazimika kuingia vichakani. Hakuumia, lakini nilimlaumu kwamba hakusema neno, na lawama ile naijutia hadi leo, kwa sababu mimi ndiye niliyepaswa kusema.

Mpanda farasi huwaona wenzake mapema kwa kuwa amekaa juu, basi na awe wa kwanza kusalimu. Awaombe kwa upole wasimame upande wa chini wa mteremko na waendelee kuzungumza, kwani sauti humsaidia farasi kutambua kuwa umbo lile geni ni la binadamu. Penye kona apunguze mwendo, na shoti aiache kwa sehemu anazoziona hadi mbali. Penye nafasi, hasa baiskeli zinapopanda mlima, sioni sababu ya kutojisogeza sisi kando, farasi akielekezwa kichwa kwa wanaopita. Utepe mwekundu mkiani, ambao kwetu ni alama ya farasi anayepiga mateke, hauna maana yoyote kwa asiyepanda farasi. Mwenye farasi wa namna hiyo akae mwisho wa msafara na aseme waziwazi.

Mvua ikinyesha, kwato huacha mashimo ambayo udongo ukikauka huwa magumu na kumwangusha mwendesha baiskeli. Ni vyema kusubiri njia ikauke. Samadi iliyoachwa langoni na kwenye maegesho aiondoe mwenye farasi.

Waendesha baiskeli wanaopita kwa kasi bila kupiga kengele wapo, na wanakosea sana. Hata hivyo, farasi ambaye bado anaziogopa baiskeli asiletwe siku za mapumziko, wakati njia zimejaa watu, na akikutana nazo kwa bahati mbaya, mpandaji ambaye ana utulivu zaidi akiwa chini ashuke, amshike hatamu karibu na kichwa, na asubiri hadi wa mwisho apite.