Barua kwa mwanangu: ukili wako wa kwanza

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Huku Wete hatujambo sote. Baba yako mguu umempoa, sasa anakwenda msikitini mwenyewe. Barua hii naitia ndani ya furushi la kindu za kusukia, maana ulilouliza nilishindwa kulijibu kwenye simu. Nilikwambia chai inafurika, nikakata. Chai haikuwa ikifurika.

Umeniuliza hivi: ukili wako wa kwanza, huo mkanda wa kindu unaosukwa kisha ukashonwa mkeka, umefika pima 2, na karibu na mwanzo kuna chane, ule ukindu uliochanwa mwembamba, imeruka mbili badala ya moja, na tangu hapo ubavu mmoja umeota meno. Je, uufumue wote, au uendelee nao ushone mkeka wako hivyo hivyo?

Nitaanza na lililo jepesi. Kindu ulizonunua Kariakoo zimekauka mno, kwenye picha naziona zinapasuka pale zinapokunjwa. Usizitose majini usiku kucha, zitaota kuvu. Zichovye, uzikung'ute, uzifunge ndani ya kanga mbichi, uzilaze mpaka asubuhi. Suka asubuhi mapema, au baada ya magharibi. Jua likishapanda, acha, kindu huwa kama vijiti. Na chane ikikaribia kwisha, usingoje iishe. Lalisha mpya juu yake, ziende pamoja hatua chache, kisha ile ya zamani iache ichomoze, ncha utazikata mwishoni kwa kisu. Nimeikuza ile picha mpaka nimeona kidole gumba chako, na hapo ndipo ulipoteleza. Kuhesabu hukukosea. Ulikosea kuunga.

Sasa hilo la kufumua.

Mkeka wa chumbani kwa bibi yako, ule wa nyekundu na nyeusi mliokuwa mkigombea kuulalia, mmeambiwa miaka yote kwamba ukili wake wa ubavuni niliusuka mimi nikiwa na miaka 11. Bibi yako aliwaambia, mama mkubwa naye aliwaambia, na mimi nikawa nanyamaza.

Ulikuwa mwaka wa karafuu. Unaijua Pemba karafuu zikikubali: wenye nguvu wote wako mikarafuuni, na wanaobaki nyumbani wanasuka majamvi ya kuanikia. Bibi yako alikuwa na majamvi ya watu hajayamaliza, na juu yake mkeka wa harusi ya mama yangu mdogo. Mikono haikutosha. Akaniita barazani, akaniwekea chane 7, moja yao nyekundu, niliyoitia rangi mwenyewe katika sufuria lililokatika mkono. Akanianzishia vidole vinne vya ukili, akanambia, "Haya, na wewe una mkono."

Nikasuka siku 9. Nilisuka huku nachunga mdogo wangu, nilisuka wenzangu wakicheza, mpaka ngozi ya kidole gumba ikachunika. Pima 3 na shibiri 1. Ulikuwa umepinda, leo najua. Siku ile niliuona umenyooka kama uzi.

Harusi ikafika. Mkeka ukatandikwa chumbani kwa bibi harusi, wanawake wakaupapasa kwa viganja, na mmoja wao akanishika kidevu mbele ya wote: "Huyu mtoto ana mkono." Usiku ule sikulala kwa furaha.

Kesho yake nikatumwa uani nikalete kuni. Mzigo wa kuni ulikuwa umefungwa kwa ukili wangu.

Niliujua kwa ile chane nyekundu, imekolea hapa, imepauka pale, kwa sababu maji yalikuwa hayajachemka vizuri nilipoitia rangi. Niliufungua nikaupima kwa mikono yangu. Pima 3 na shibiri 1. Haukupungua hata kidogo. Bibi yako alikuwa amekesha na koroboi, akasuka mwengine, mzuri, akautia chane nyekundu kama wangu, akaushonea mkekani. Wangu akaufanya kamba.

Sikumwambia kitu. Kuni nikazifunga kwa ugwe, ukili nikauficha chini ya godoro. Nimeolewa nao, mwanangu. Umo ndani ya sanduku langu mpaka leo. Na mtu akinisifu kwa jambo lolote, hata kwa chungu cha wali, kwanza najiuliza kama sifa hiyo ni yangu kweli.

Usidhani namsema vibaya bibi yako. Mkeka hauna huruma. Ukili mmoja ukipinda, unaoshonewa ubavuni mwake huufuata, na shazia, sindano ya kushonea mkeka, ikishapita kote, mkeka haulali chini, unavimba. Ile ilikuwa harusi ya mdogo wake, na watu walikuwa wanakuja. Angefanya nini? Angeniamsha. Hilo ndilo jibu langu na nimekaa nalo miaka yote. Angeniamsha, tukafumua pamoja, tukakesha wawili. Lakini mtoto wa miaka 11, kidole kinatoka damu, kalala, mama gani atamwamsha? Nikifika hapo sina la kusema. Kisha narudi pale pale: kazi ya mkono ni ya mwenye mkono. Ikiwa mbaya ni yake, na kama ni ya kufumuliwa, ifumuliwe kwa vidole vyake.

Neno hilo nimekulea nalo mpaka limekuchosha, najua. Kwa hivyo nina wajibu wa kukwambia na la kawa.

Unalikumbuka. Darasa la 5, mwalimu kawatuma kila mtoto alete kazi ya mikono, wewe ukachagua kawa la kufunikia chakula. Ulilala ukiwa umefika nusu, limekaa upande. Asubuhi ukalikuta limekwisha, nikakwambia, "Ulilimaliza jana, ulikuwa na usingizi tu." Lilitundikwa ukutani darasani. Ulirudi nyumbani unaruka, na mimi nilikuwa jikoni nimekupa mgongo, najifanya napuliza moto. Nilimfanyia mwanangu lile lile nililofanyiwa, tena mimi niliyekuwa najua linavyouma. Nilisema moyoni, si harusi hii, ni kawa la shule, nani atadhurika? Hata harusi haikuwapo ya kunipa udhuru.

Labda ulijua. Labda ndiyo maana umesubiri mpaka una watoto wawili na nyumba yako ndipo ukashika ukindu. Sitaki uniambie kwa simu. Ukija Idd tutakaa barazani, utaniambia ukitaka.

Kwa hivyo ulipouliza ufumue au uendelee, jibu ninalo, ila nalizuia, na kulizuia kunanipa taabu. Nimesuka miaka 40. Nikikwambia fumua, nitakuwa nimeufumua mimi, kutoka huku Wete, na wewe utakuwa umelala tena. Nikikwambia endelea, mkeka ukiharibika nitakuwa nimeuharibu mimi. Kazi ya mkono ni ya mwenye mkono, na mkono huo si wangu.

Nitakwambia ya kazi yenyewe tu. Ukiuendeleza, utie ukingoni mwa mkeka, ule ubavu wenye meno uelekee nje, usishonewe kitu, na shazia uivute kwa mkono mwepesi. Ukiufumua, kindu zitabaki na alama za mikunjo. Zirudishe ndani ya kanga mbichi usiku mmoja, zitakubali. Ukizifumua mara ya pili zitakatika. Njia zote mbili watu wamepita. Na pima 2 si nyingi, mwanangu. Basi, hapo nimekwisha kusema zaidi ya nilivyokusudia.

Ndani ya furushi kuna mafungu 4 meupe, makuti machanga ya mkindu, nimeyaanika mwenyewe mpaka yakang'ara. Mafungu 2 meusi ni ya mdaa, mizizi tumeichimba na baba yako kabla mguu haujamuuma, tukachemsha siku nzima. Fungu la manjano ni la bizari, usilianike juani litapauka. Shazia ni ile ya bibi yako. Imepinda kidogo kichwani, ndivyo ilivyokuwa siku zote, inaingia vizuri hivyo hivyo.

Fungu jekundu nilitaka kulifunga kwa ugwe. Nikalifunga kwa ule ukili wangu, nikaufungua, nikaurudisha sandukuni, asubuhi hii nimeufunga tena na sasa kijana wa boti yuko mlangoni. Usiukate kwa mkasi. Fundo ni la kuvuta, ncha fupi, kwa upande wa kushoto.

Mama yako