Kadi ya oveni haifi jioni ikafufuka alfajiri

SWALI: Fundi, mimi ninaoka keki za sikukuu hapa Nyawera, Bukavu. Oveni yangu ya umeme imeanza kunitesa. Taa yake inawaka, feni inazunguka, lakini keki iliyokuwa ikiiva kwa dakika 45 sasa inakaa saa mbili na katikati bado ni uji. Nikioka alfajiri inakuwa afadhali. Fundi mmoja alinibadilishia termosta, kile kidhibiti joto, kwa dola 40, hakuna kilichobadilika. Sasa anasema ni kadi, ile bodi ya elektroniki ndani ya oveni, dola 150. Nimpe?

JIBU: Mama, usimpe hata moja.

Jibu umeliandika wewe mwenyewe pale uliposema alfajiri ni afadhali. Kadi ikifa imefa, haijui saa. Kinachobadilika kati ya alfajiri na jioni ni umeme unaoingia kwako, maana jioni mtaa mzima umechomeka pasi na hotipleti kwenye waya uleule.

"Lakini taa si inawaka?" Hilo nalisikia kila wiki, hata kwa watu wanaojiita mafundi, na limeshakula pesa nyingi za mama wa mji huu. Taa ya oveni inakula wati 25 hivi, na feni nayo si mlaji. Hizo zinashiba makombo. Rezistansi, ule mduara wa chuma unaokuwa mwekundu, ndiyo yenye njaa, na nguvu yake haishuki sambamba na volti. Inashuka kwa kasi zaidi. Rezistansi ya wati 2,000 kwa volti 220, ukiipa volti 160, utadhani imepungukiwa robo tu. Piga hesabu: inatoa wati 1,058. Nusu ya moto imekwenda, na joto linaloponyoka mlangoni liko palepale. Angalia ile taa ndogo ya termosta: kama saa nzima inapita haijazimika, oveni haijafika kwenye joto uliloiomba.

Kwa hiyo kabla mtu hajashika bisibisi, apime volti kwenye prizi, ile soketi ya ukutani, jioni, saa ile keki inapokutesa. Apime mara mbili: oveni ikiwa imezimwa, kisha ikiwa inawaka kwa nguvu zote. Ikiwa ni 165 hata kabla ya kuwasha, tatizo liko nje ya jiko lako, na hakuna kipuri kitakacholitibu, oka alfajiri. Ikiwa ni 210 halafu inaanguka hadi 170 ukiwasha, kuna waya mwembamba au kiungo kilicholegea njiani, mara nyingi ndani ya nyumba yenyewe. Nimekuta oveni nyingi zikilishwa na waya wa taa, wa milimita mraba 1.5, wakati zinataka wa 2.5 wa peke yake. Shika plagi baada ya nusu saa: ikiwa ya moto, umempata mwizi.

Volti zikiwa nzuri na keki bado mbichi, hapo ndipo umeme ukatwe kwenye disjonkta, ile swichi ya usalama inayojikata yenyewe, na mgongo wa oveni ufunguliwe. Rezistansi ya wati 2,000 ikiwa nzima inapimwa omu 24 hivi; ikiwa imekatika, mita haisomi kitu. Vishikio vya waya vilivyoungua vikawa vyeusi huonekana kwa macho. Kadi inakuja mwisho wa foleni hiyo, na inashtakiwa tu wengine wote wakishaachiliwa.

Na wale wenye oveni ya saa ya namba: baada ya delestaji, yaani mgao wa umeme, saa ikipepesa 0:00, oveni nyingi hugoma kupasha mpaka uiweke saa upya. Niliitwa kwa "kadi iliyoungua" nikabonyeza vitufe viwili, nikaondoka. Yule mama alinilipa soda, na alikuwa na haki ya kutolipa hata hiyo.

Wanaokimbilia kubadilisha vipuri angalau wanakula pesa tu. Kuna wabaya zaidi: wale ambao kifaa cha usalama kikikata, wanakiruka kwa kipande cha waya, "mama, imepona." Kile kidude kinakata kwa sababu oveni imepita joto lake, au feni ya kupoza imekufa. Ukikiruka, siku moja kitakachokata ni moto wenyewe, kwenye kabati la mbao. Disjonkta ikianguka kila mara, vilevile: mara nyingi rezistansi imepasuka na umeme unavuja kwenye bati, na kwenye nyumba isiyo na waya wa ardhi, kama zetu nyingi, bati hilo linaweza kukupiga ukiligusa. Anayekuwekea disjonkta kubwa zaidi ili "isisumbue" amekunyang'anya mlinzi.

Jambo moja la mwisho. Ile termosta ya zamani, iko wapi? Kama aliondoka nayo, mwombe airudishe leo, kabla hajamwekea mama mwingine kwa dola 40.