Unga chini ya kabati la zamani: bungua yuko hai au ameshaondoka?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina duka dogo la samani za zamani na vikorokoro vya kale. Mwezi uliopita nilinunua kabati la droo nne. Mbele limebandikwa vinia (tabaka jembamba la ubao wa urembo), nyuma na chini ya droo ni mbao tupu, vishikio ni vya shaba, na tundu za funguo zimezungushiwa kitu cheupe ambacho muuzaji alisema ni pembe. Sasa nakuta unga chini ya mguu wa nyuma, na vitundu ni vingi, vidogo kama kichwa cha pini. Lilikaa karibu na viti viwili vya kusuka na sanduku la saa ya ukutani. Jirani ananishauri nipake dizeli. Nifanyeje bila kuharibu vinia, na je, ni lazima nimwambie mteja?

JIBU: Dizeli iache kwenye gari. Bungua, yaani mdudu anayetoboa na kula mbao, yumo sentimeta moja, mbili, ndani ya ubao, na dizeli iliyopakwa juu haimfikii. Itakayobaki ni harufu ya miezi, madoa yanayopenya hadi kwenye vinia, na ubao ambao gundi wala polishi haitashika tena. Mafuta ya taa na oili chafu ni hadithi hiyo hiyo.

Kabla ya dawa yoyote, litoe kabati dukani leo. Usiliburute, kwani mguu ulioliwa huvunjika kwa kuburutwa. Toa droo kwanza, kisha linyanyueni watu wawili kwa kushika chini ya fremu. Lifunge lote kwa nailoni nene, ziba mishono kwa selotepu pana, liweke chumba peke yake. Mahali lilipokuwa pafyonzwe kwa mashine, pasifagiwe, na mfuko wa vumbi utupwe nje siku hiyo hiyo. Viti vya kusuka vikaguliwe mapema kuliko saa, maana henzirani na mianzi ni chakula kitamu cha bungua wa unga laini. Kwenye saa angalia ubao wa nyuma tu. Kama ni plaiwudi ya zamani, gundi yake ya mifupa na ngozi huwavuta wadudu kuliko mbao zenyewe.

Sasa usome unga wenyewe. Umwage kidogo kwenye karatasi nyeusi, ushike kwa vidole viwili, usugue. Ukiwa laini kama poda ya mtoto na hauna chembe yoyote, huyo ni bungua wa jamii ya Lyctus. Anakula sehemu nyeupe ya nje ya gogo, ile yenye wanga, kwenye mbao za miti ya majani mapana yenye vinyweleo vikubwa kama mwaloni. Msonobari hagusi. Ukiwa na chembechembe kama mchanga mwepesi, na kwenye lenzi chembe zinafanana na limau dogo lililochongoka ncha mbili, huyo ni bungua wa jamii ya Anobium. Anapenda mbao kuukuu zenye unyevu, na funza wake hukaa ndani miaka 2 hadi 5 kabla ya kutoboa. Vitundu vya wote wawili ni vya duara, milimita 1 hadi 2, kwa hiyo kipenyo peke yake hakitakwambia kitu. Lakini ukikuta punje ngumu kama mbegu ndogo, kila moja ina pande sita, hapo huna bungua. Una mchwa wa mbao kavu, na kazi inabadilika: gongagonga ubao kwa mpini wa bisibisi, na penye sauti ya mtungi mtupu pameliwa pote, limebaki ganda.

Kuwepo kwa unga hakuthibitishi kwamba mdudu yupo. Kabati lililoliwa miaka mingi iliyopita humwaga unga wa zamani kila linapotikiswa, na safari ya kuletwa dukani ni mtikiso tosha. Mulika tundu kwa tochi ukiwa umeilaza pembeni. Tundu jipya lina kingo kali na ndani ni jeupe kama ubao uliopasuliwa leo. La zamani kingo zake zimelegea, ndani ni jeusi, mara nyingi lina nta au vumbi lililoganda. Kisha fanya kipimo: fyonza vitundu vyote, bandika karatasi nyembamba ya shashi juu ya eneo lenye vitundu kwa uji wa unga wa ngano, tandika karatasi nyeusi chini, andika tarehe. Subiri wiki nne bila kuligusa. Shashi ikitobolewa au rundo jipya likionekana, yuko hai. Lakini shashi ikibaki nzima wakati wa baridi, usishangilie, kwa kuwa wadudu hawa hutoka msimu wa joto, na funza anaweza kula kimya mwaka mzima bila kusukuma kitu nje.

Hapohapo kwenye vitundu kuna siri nyingine inayomhusu mnunuzi wa vitu vya kale. Bungua hachimbi kwa mstari ulionyooka. Ingiza waya mwembamba: ukizama wima sentimeta mbili bila kukwama, tundu hilo limetobolewa kwa drili ili kitu kipya kionekane cha kale. Na ukiona njia za wadudu zimelala wazi juu ya ubao kama mifereji, jua ubao huo ulipigwa randa au msumeno baada ya kuliwa. Mdudu hutoka kwa kutoboa, hatambai juu akichimba mfereji. Mifereji kwenye uso wa mbele ni dalili kwamba kabati limeundwa upya kwa mbao za kitu kingine.

Turudi kwenye dawa. Kwa kabati lenye vinia iliyobandikwa kwa gundi ya kale, njia salama kuliko zote ni kumnyima mdudu hewa. Nailoni ya kawaida haifai hapa, kwa kuwa oksijeni hupenya taratibu. Unahitaji karatasi ya plastiki yenye tabaka la alumini, aina inayofungashia kahawa, inayozibwa kwa pasi ya moto. Ndani unaweka vipakiti vya unga wa chuma vinavyokula oksijeni. Hesabu yake ni hii: kabati la sentimeta 100 kwa 50 kwa 90 lina ujazo wa lita 450. Toa mbao zenyewe, tuseme imebaki hewa lita 400. Oksijeni ni takriban 21% ya hewa, yaani lita 84. Kipakiti cha mililita 2,000 kinakula lita 2, kwa hiyo unahitaji 42, na kwa ajili ya uvujaji ongeza nusu yake, jumla 63. Vipakiti hivi hupata joto vikianza kazi, hivyo vitandaze juu ya kadibodi, visilale juu ya polishi. Weka na kidonge cha kuonyesha oksijeni mahali unapoweza kukiona kupitia dirisha dogo la plastiki angavu: kikiwa cha waridi, oksijeni iko chini ya 0.1%, kikigeuka bluu, imefika 0.5% na kuna mshono unaovuja. Chumba kikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi au zaidi, acha wiki nne. Kwenye baridi mdudu anahema kidogo na anadumu zaidi, kwa hiyo ongeza muda. Wengi hukosea kwenye kuziba: mshono mmoja wa pasi haraka haraka, na wiki nne zinapotea bure. Piga pasi mara mbili, mistari miwili inayofuatana.

Njia ya pili, ya gharama ndogo, ni dawa ya kupaka yenye permethrin iliyoyeyushwa kwenye mafuta mepesi. Chagua hiyo na uache ya maji. Maji huvimbisha vinia, hulegeza gundi ya kale, na asubuhi unakuta mapovu mbele ya droo. Paka kwenye mbao tupu peke yake: nyuma, chini ya droo, ndani ya fremu, na nyayo za miguu, ambako ubao umekatwa kinyume cha nyuzi na hunywa dawa zaidi. Mikono miwili ya brashi, ya pili kabla ya ya kwanza kukauka. Kisha chukua bomba la sindano, ingiza dawa kwenye tundu moja kila sentimeta 8 hivi, na uvae miwani, kwa sababu njia za ndani zimeungana na dawa uliyoisukuma hapa huruka kutoka tundu la pale moja kwa moja usoni. Vaa glavu na barakoa ya mvuke. Ya vumbi haizuii kitu. Fanyia nje, mbali na moto, na mbali na paka na samaki, kwani dawa hii inawaua. Liache wiki mbili au tatu hadi harufu iishe. Ukweli wake ni kwamba dawa ya kupaka haiui funza walioko ndani kabisa. Inamuua anayetoka na inayazuia mayai mapya, hivyo utaona vitundu vichache vikiendelea kutokea, na hilo lisikushtue mpaka misimu miwili ipite.

Viti vya kusuka, kama friza inavimeza, vigandishe. Vifunge kwenye nailoni, kamua hewa, ziba, viweke kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukivitoa usifungue nailoni kwa saa 24, umande ugande nje ya nailoni na sio kwenye mbao. Saa ikigandishwa, mashine yake itolewe kwanza. Kabati lako usiligandishe. Vinia iliyokwisha kuachia hupasuka. Na ukiamua kuita watu wa kufukiza, uliza ni gesi gani. Fosfini hushambulia shaba, kwa hiyo vishikio vyote vitolewe, vikihesabiwa na kufungwa pamoja na skurubu zake.

Baada ya kuua ndipo utengeneze. Choma mguu ule wa nyuma kwa sindano nene: ikizama zaidi ya milimita 5 kwa kidole tu, mguu hauna nguvu ya kubeba. Kata palipoliwa, unga kipande cha mbao ya aina ile ile kwa mkato wa mshazari wenye urefu mara nne au zaidi ya unene wa mguu, na utumie gundi ya ngozi inayopashwa moto. Gundi nyeupe ya maji inashika vizuri kupita kiasi, na fundi ajaye atalazimika kuvunja ili atengeneze. Vitundu vizibe kwa nta iliyotiwa rangi, vyote bila kuacha hata kimoja. Uzuri ni faida ya pembeni; sababu hasa ni kwamba kabati lililozibwa lote likitoa tundu moja jipya, utaliona siku hiyo hiyo.

Kuhusu mteja: ndiyo, mwambie, na uandike. Kwenye leja kabati liwe na namba yake, tarehe ya kuingia, aina ya mdudu, njia ya tiba, tarehe ya kuanza na kumaliza. Kwenye risiti iingie sentensi moja: “Liliwahi kubunguliwa, limetibiwa kwa njia fulani, tarehe fulani, mguu wa nyuma umeungwa.” Usiandike “halitaliwa tena”. Tiba ya kunyima hewa haiachi dawa yoyote ndani ya ubao, na likiwekwa kwa mteja karibu na kiti chenye bungua, litaliwa upya.

Ila kabla ya kununua vipakiti 63, piga hesabu ya bei. Tuseme ulilinunua kwa 100. Usafiri 15, vifaa vya tiba 12, saa 6 za kazi kwa 8 kila moja ni 48. Limekugharimu 175. Zima lake, lisilo na tundu, lingeuzwa 260. Lenye historia ya bungua na mguu wa kuunga, punguza robo, linabaki 195. Faida ni 20, na bado hujalipa pango la chumba lilikokaa miezi miwili. Kwa hesabu ya namna hiyo ni afadhali uue wadudu kwa njia ya bei ndogo, ung'oe vishikio na kufuli, uviuze kama vipuri, na mbao nzuri umpe fundi anayetafuta mbao kuukuu za kuunga miguu ya wengine. Tiba ya hewa inastahili kabati ambalo hata baada ya kupunguza robo linakuachia zaidi ya mara mbili ya gharama.

Hicho kitu cheupe kwenye tundu za funguo nacho usikiite pembe kwa neno la muuzaji. Chukua lenzi ya mara 10. Mfupa una vidoa na vijistari vyeusi, njia za damu za zamani. Plastiki ya kuigiza ina mistari iliyonyooka, yenye nafasi sawa kama ya rula. Pembe ya ndovu, palipokatwa kwa kuvuka, ina mistari ya pinde inayopishana kama wavu. Usijaribu kwa sindano ya moto: unaacha kovu, na kama ni seluloidi, plastiki ya zamani, inawaka. Ukiuona huo wavu, usikiweke kwenye tangazo wala usikitume nje ya nchi. CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ilifunga biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika kwa uamuzi wa 1989 ulioanza kazi 1990, na nchi nyingi zina sheria kali zaidi za ndani. Peleka swali kwa idara ya wanyamapori kwanza, na kabati lisubiri humo humo kwenye nailoni yake.