Mbwa anayelia ukiondoka nyumbani: yaliyomsaidia wangu hapa Moshi

Mleta mada, pole sana. Umesema ulikuwa unafanyia kazi nyumbani kwako Njiro, sasa umeitwa ofisini, na mbwa wako analia kutwa mpaka majirani wanakuja kugonga geti, na mlango wa nyuma ameukwaruza hadi rangi imebanduka. Waliotangulia wamekushauri umchape, umfunge mnyororo au umtafutie mwenzake. Nakuomba uyaweke kando yote matatu, na nitakueleza kwa nini.

Mimi naongoza wageni Mlima Kilimanjaro, nakaa upande wa Rau. Kazi yetu mnaijua: masika, kati ya Machi na Mei, wageni ni wachache na tunashinda nyumbani. Juni msimu ukifunguka ni safari juu ya safari, na njia ya Machame peke yake huchukua siku 6 au 7. Popi wangu alikuwa amezoea kunifuata kila niendako, migombani, dukani, hata nikiingia bafuni analala mlangoni. Msimu ulipofunguka akawa mbwa mwingine. Nikishusha begi la mlimani kutoka juu ya kabati, anaanza kuhema na mate yanamchuruzika. Noah ya kutuchukua ikipiga honi, anajibana miguuni kwangu anatetemeka. Nikishaondoka, mke wangu naye akitoka kwenda sokoni, anatafuna fremu ya mlango mpaka fizi zinavuja damu.

Mbwa hajiumizi hivyo kwa utundu. Mtundu hutafuna kiatu au mto wa kochi, saa yoyote anapochoka kukaa bure. Mwenye hofu hushambulia pale ulipopitia, yaani mlango, dirisha au geti, na mara nyingi huanza ndani ya nusu saa ya kwanza. Kipimo changu kikubwa ni chakula. Muachie mfupa anaoupenda. Ukirudi ukaukuta haujaguswa, halafu akaanza kuula mara tu alipokuona, jua kwamba muda wote ule alikuwa na hofu kubwa kiasi cha kushindwa kula.

Sasa mchape mbwa huyo jioni kwa sababu ya mlango alioutafuna asubuhi. Hawezi kuviunganisha viwili hivyo. Atakachojifunza ni kwamba hata kurudi kwako kunatisha. Mnyororo na banda vinazidisha, maana mbwa mwenye hofu akibanwa huvunja meno na kucha akitafuta pa kutokea. Na mwenzake? Wako anakulilia wewe, hivyo mbwa wa pili huenda asimsaidie kitu. Kuna pia aliyeandika kwamba umemdekeza. Usilibebe hilo moyoni. Wapo wengi wanaolala kitandani na wenye nyumba na wakiachwa wanasinzia tu. Mabadiliko ya ghafla ya ratiba yanajulikana sana kuamsha hofu hii, na ndiyo yaliyomkuta wako.

Kilichomtibu Popi ni kumfundisha upya kuachwa, tangu mwanzo kabisa. Nilianza na begi. Nalishusha, naliweka sebuleni, nakaa kunywa chai. Navaa viatu vya mlimani, nazunguka uani, navivua. Nafanya hivyo mara kwa mara mpaka begi likakosa maana kwake, akawa ananyanyua kichwa tu na kukilaza tena. Kwako vitakuwa funguo, mkoba, labda pasi ya umeme unayonyoosha nayo shati asubuhi. Ndipo nikaanza kutoka mlangoni na kurudi kabla hajaanza kulia. Sekunde chache tu. Nikaongeza polepole, nikichanganya ndefu na fupi ili asione kila safari inakuwa ngumu kuliko iliyopita. Akianza kuhema au kuzungukazunguka, safari inayofuata naifupisha. Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa, kwa sababu dakika za mwanzo huchukua muda mrefu kuliko zote. Akishaweza kukaa kama nusu saa ametulia, hatua zinakuwa kubwa zaidi.

Sharti lake ni gumu: wakati unamfundisha, asiachwe peke yake zaidi ya anavyomudu, maana kila siku ya hofu inamrudisha nyuma. Sisi tulimwomba bibi jirani akae naye mke wangu anapokuwa sokoni. Tulitangulia kumpa bibi ugali na dagaa amlishe Popi kwa mkono wake, mimi nikiwepo, mpaka akamzoea. Wapo mbwa wanaotulia na mtu yeyote, wapo wanaomtaka mmoja tu, kwa hiyo mjaribu wako kwanza kabla hujamtegemea dada wa kazi.

Matembezi ya asubuhi yanasaidia, hasa ukimwacha anuse atakavyo badala ya kumburuta. Chakula chake pia kitawanye majanini akitafute. Mfupa uwe mbichi, kwa sababu uliopikwa hupasuka vipande vinavyochoma utumbo. Lakini hivi ni visaidizi. Peke yake havitibu hofu.

Muone daktari wa mifugo mapema kama anajijeruhi, au kama ni mzee na tabia hii imemjia ghafla, kwani maumivu na magonjwa ya njia ya mkojo nayo hubadilisha tabia. Dawa zipo. Marekani, klomipramini na fluoksetini zina kibali cha kutibu hofu hii kwa mbwa, zikienda sambamba na mafunzo, na huchukua wiki kadhaa kabla hazijaonyesha kazi. Kipimo kitoke kwa daktari. Usimpe dawa za usingizi za binadamu. Na kama ameshaanza kuruka ukuta, hakikisha chanjo ya kichaa cha mbwa haijapita muda.

Sheria inakupa likizo ya siku 28 kwa mwaka. Kama ofisi yako mpya itakukubalia hata wiki moja mapema, itumie kwa zile dakika za mwanzo. Kabla ya hapo, acha simu ya zamani sebuleni irekodi ukiondoka kesho, uone anaanza kuhangaika wakati gani: ukichukua funguo, ukifunga geti, au gari likishaondoka. Ukishajua, andika hapa, nitakuelekeza uanzie wapi.