Kifua kinakoroma, na picha ilionyesha mapafu mazima

SWALI: Mdogo wangu alivunjika shingo, pingili ya sita, wiki nane zilizopita. Picha ya kifua ilikuwa safi. Sasa kifua kinakoroma na akikohoa hakitoki kitu. Tunampa dawa ya maji ya kikohozi, na kuna mtu anatushawishi tununue mtungi wa oksijeni. Mapafu yameugua nini?

JIBU: Mpelekeni hospitali leo, apimwe pumzi na kifua kipigwe picha upya. Ile ya wiki nane zilizopita haiwaambii lolote kuhusu leo.

Huenda mapafu yenyewe hayakuguswa na ajali. Kilichokatika ni amri ya ubongo kwa misuli ya kupumua. Kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo, huamriwa na neva zinazotoka shingoni kwenye ngazi ya tatu hadi ya tano, juu ya pingili iliyovunjika, ndiyo maana bado anavuta pumzi. Misuli ya mbavu na ya tumbo huamriwa kutoka chini ya hapo. Na kikohozi chenye nguvu hutoka tumboni. Tumbo likilegea, makohozi hubaki chini, huziba vijia vya hewa, sehemu ya pafu husinyaa, kisha nimonia huingia.

Sasa hiyo dawa ya kikohozi. Acheni. Huyu hana kikohozi kingi, ana kikohozi pungufu! Dawa ya kutuliza kikohozi, hasa yenye kodini, humnyang'anya hata kile kidogo kilichobaki na hupunguza msukumo wa kupumua. Oksijeni nayo haitoi kohozi. Ina kazi yake daktari akiiagiza, lakini ikitumiwa kiholela hupandisha namba ya oksijeni kwenye kipimo cha kidoleni huku kabonidayoksaidi ikirundikana kwenye damu. Maumivu ya kichwa asubuhi na usingizi usio wa kawaida ni dalili zake. Anayewauzia mtungi bila kumpima mgonjwa anawauzia hatari.

Kinachosaidia ni mikono. Mwombeni mtaalamu wa fiziotherapia awafundishe kukohoa kwa kusaidiwa, daktari akishathibitisha kuwa shingo imeshikana na mbavu hazijavunjika. Mgonjwa hulala chali. Kiganja hukaa kati ya kitovu na ncha ya kidari, bila kuigusa ncha hiyo. Anavuta pumzi ndefu, na anapoanza kukohoa unasukuma ndani na juu kwa mpigo mmoja naye. Ukichelewa kidogo tu, umemminya tumbo bure. Msifanye akiwa ametoka kula.

Mgeuzeni kila baada ya saa 2. Msishangae akipumua vizuri zaidi akilala kuliko akiketi: akiketi, tumbo lililolegea huanguka na kiwambo hushuka, kikakosa nafasi ya kusukuma. Mkanda wa tumbo humsaidia anapoketi.

Wenye wagonjwa walioumia ubongo, kosa lenu ni lingine: kumlisha uji mtu ambaye hajaamka sawasawa, eti apate nguvu. Kumeza kwake kumeharibika, na chakula kinaweza kuingia mapafuni bila hata kupaliwa. Asipewe kitu mdomoni, hata maji ya kijiko, kabla kumeza kwake hakujapimwa. Na kwa wote, wa ubongo na wa shingo: pumzi ikikatika ghafla au kifua kikichoma, hasa mguu mmoja ukiwa umevimba, huenda damu iliyoganda imekimbilia kwenye mapafu. Hapo msimkande mguu wala kifua. Mwahisheni hospitali.