Daktari tarajali anayetaka utafiti na hana mtu wa kumshika mkono

Mdogo wangu uliyeuliza utaingiaje kwenye utafiti wakati umekulia Katavi, wazazi ni wakulima na idarani hakuna anayekujua: nakujibu kwa urefu, maana waliokuambia "pambana tu" hawajakusaidia. Mtu aliyemaliza miaka 5 ya MD, shahada ya udaktari, anajua kupambana.

Mimi ni daktari bingwa wa watoto na nafundisha chuoni. Kwetu ni Rukwa, na kabla yangu hakuna aliyefika chuo kikuu katika ukoo wetu. Nilichokiona ni kwamba sisi tusio na mtu tunapewa kazi ya utafiti bila shida. Tunachonyimwa ni jina na muda.

Nianze na jina. Nikiwa tarajali nilijaza madodoso wodini baada ya zamu, nikachukua sampuli, nikafuatilia wagonjwa kwa vocha zangu. Makala ilipotoka, nilikuwa kwenye shukrani. Niliumia sana, ila sikujua hata pa kushika ili nihoji. Pa kushika papo. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, inasema mwandishi ni aliyechangia kwa kiasi kikubwa wazo, mpango wa utafiti, upatikanaji wa data au uchambuzi wake, akashiriki kuandika rasimu au kuihakiki kwa kina, akaidhinisha toleo la mwisho na akakubali kuwajibika. Mabosi wengi wanakomea hapo: hukuandika, huna haki. Lakini kanuni hizo hizo zinataka kila aliyetimiza sharti la kwanza, yaani la kuchangia, apewe nafasi ya kushiriki katika hayo mengine. Huwezi kumfungia mtu nje ya rasimu, kisha ukamwambia hakuandika!

Kwa hiyo kabla hujajaza dodoso la kwanza, andika barua pepe ya heshima: "Shikamoo Profesa, nashukuru kwa nafasi hii. Naomba kujua nitashiriki vipi kwenye uchambuzi na uandishi, na jina langu litakaa wapi." Mwenye nia njema atajibu. Asiyejibu naye amekujulisha jambo mapema. Hili si la sifa tu: vyuoni, kupanda kutoka mhadhiri kwenda mhadhiri mwandamizi kunahitaji machapisho.

Muda sasa, na hapa nasema na wakuu wa idara mnaosoma. Semina ya siku mbili hotelini haimsaidii daktari anayerudi kwenye zamu usiku uleule. Mpeni siku moja ya wiki isiyoguswa, iandikwe kwenye ratiba ya wodi, na mwenye mtoto mchanga msimhesabu kuwa ameacha utafiti. CARTA, mpango wa PhD wa vyuo vya Afrika wenye makao Nairobi, uliweka kikomo cha umri cha miaka 40 kwa wanaume na 45 kwa wanawake. Waliopanga hivyo walielewa miaka ya kuzaa inaangukia wapi. Vyuo vyetu vingeiga hilo kesho bila kusubiri mfadhili.

Kuhusu hela, usisubiri ruzuku kubwa. Kituo chochote utakachopangiwa kina vitabu vya MTUHA, yaani rejista za taarifa za huduma za afya, na swali zuri linaweza kujibiwa kwa rekodi zilizopo, ukishapata kibali cha maadili cha chuo au cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na ruhusa ya mganga mfawidhi. Makala za kusoma zipo Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufungulia taasisi majarida ya afya mtandaoni. Muulize mkutubi nywila, wengi hawaulizi.

Wazo lako liweke hapa kwa ukurasa mmoja, nitalipitia na kukutafutia mtakwimu. Ila kabla hujachagua swali, fungua vile vitabu uone safu zipi zimejazwa na zipi zimeachwa wazi.