Bodi haiandiki programu

Yakhe umeuliza mbona bodi ya kampuni ya programu imejaa watu wa benki na madawa, kwani bodi ndo inaandika programu? Wao kazi yao kumwangalia bosi na pesa za wenye hisa. Cheki Microsoft, 2019 walimuingiza Emma Walmsley, wakati huo bosi wa GSK ya madawa na kabla ya hapo alikuwa L'Oréal miaka na miaka mambo ya vipodozi, Penny Pritzker naye kaingia 2017 ashakuwa waziri wa biashara Marekani. Wa hesabu nao wanatakiwa, sheria ya Marekani ya 2002 yataka kampuni ya soko la hisa iseme wazi kama kamati ya ukaguzi ya bodi, ile yakagua hesabu, ina mjuzi wa fedha au haina. Sisi hapa Mombasa tumezoea bodi ya mashemeji bana. Wa kompyuta pia wapo lakini hapo Microsoft, Reid Hoffman si ndo alianzisha LinkedIn, ule mtandao wa mambo ya kazi, na wenzake.